Mjadala: Daftari la mtu anayejifunza lugha lihesabiwe kuwa utafiti?

Wanajamvi, salaam kutoka Tanga.

Ninaleta swali ambalo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na ambalo naamini haliwahusu wanavyuo peke yao. Mtu anapojifunza lugha ya watu wengine, akaishi nao, akaandika siku kwa siku anachokisikia, anachokikosea na namna anavyobadilika yeye mwenyewe, je, maandishi hayo ni utafiti, au ni masimulizi ya maisha tu? Msimamo wangu nautaja mapema: ni utafiti, kwa sharti kwamba mwandishi akubali kuhakikiwa na wengine kuhusu yale anayodai kuyaona ndani ya nafsi yake.

Nianze na mimi mwenyewe. Babu yangu mzaa baba aliletwa huku kutoka Kigoma akiwa manamba wa mashamba ya mkonge. Katika kambi ya Muheza walikaa Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na Warundi mlango kwa mlango, na kwa kuwa hapakuwa na lugha ya nyumbani iliyomtosha mtu kuzungumza na jirani yake, watoto wakalelewa kwa Kiswahili. Baba alikielewa Kiha bila kukisema. Mimi sikielewi. Nikiulizwa kabila langu hujibu kuwa ni Muha, na kila nikijibu hivyo nahisi ninasoma jina lililoandikwa kwenye fomu ya mtu mwingine. Hapa Tanga hali hiyo si ngeni: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa na asili ya Uyao, wala hakuna anayethubutu kusema kwamba Kiswahili hakikuwa chake.

Nilipopangiwa kufundisha wilaya ya Mkinga nikaoa huko kwa Wadigo, na nikiwa na umri wa miaka 34 nikaazimia kujifunza Kidigo. Wengi waliniambia kwamba ningekijua kwa muda mfupi kwa sababu kinakaribiana na Kiswahili. Ukaribu huo ndio ulionichelewesha. Wadigo husema madzi, nami kwa karibu miezi minne nilikuwa nasikia maji, kwa sababu sikio langu lilikuwa likigeuza neno kabla sijapata nafasi ya kulisikiliza. Jioni moja mama mkwe alimtuma shemeji yangu mdogo maji ya kutawadha, mtoto akachelewa, mama akalirudia neno kwa sauti ya juu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile dz. Usiku ule niliandika habari hiyo katika daftari. Wiki hiyohiyo neno likaanza kutoka kinywani mwangu, na dzuwa likafuata.

Nilipopeleka pendekezo la tasnifu ya uzamili lililojengwa juu ya madaftari hayo, jopo la chuo kimoja lilinirudishia kwa maelezo kwamba hiyo ni tawasifu, na kwamba nitafute sampuli ya watu niwagawie hojaji. Siwalaumu kwa kutaka uhakika. Lakini hojaji huuliza lile ambalo mtunzi wake amekwisha kulijua. Kabla ya jioni ile mimi mwenyewe sikujua kwamba kuna sauti nisiyoisikia. Ningewezaje kumwuliza mwingine ni lini alianza kuisikia? Jambo la namna hiyo hutokea ndani ya kichwa cha mtu mmoja, kwa sekunde chache, na asipoliandika mwenyewe linapotea.

Wala sikulibuni mimi wazo hili. Mwanaisimu Richard Schmidt, Mmarekani, alikaa Brazil kwa takriban miezi mitano akajifunza Kireno huku akiandika shajara, na mazungumzo yake na Sylvia Frota, ambaye ni Mbrazili, yakarekodiwa. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 1986 walilinganisha shajara na kanda. Waliona kwamba maumbo mengi ya lugha aliyoyasikia Schmidt kila siku hayakuingia katika usemi wake mpaka alipoyatambua, na kwamba mara nyingine alisahihishwa bila kujua kwamba anasahihishwa. Kutokana na kazi hiyo ndipo alipokuza hoja kwamba kusikia hakutoshi, sharti mtu atambue, hoja ambayo walimu wa lugha wanaibishania hadi leo. Ilianzia kwa mwanafunzi mmoja, naye alikuwa mtafiti mwenyewe.

Zingatieni, hata hivyo, kwamba hawakuiamini shajara peke yake. Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Katika daftari la tatu nimeandika kwa furaha kwamba nimeacha kuchanganya Kidigo na Kiswahili. Niliposikiliza sauti zangu zilizorekodiwa kwa simu katika miezi hiyohiyo, niligundua kwamba nilisema madzi nikiwa na wakwe zangu, na kwamba pindi alipoingia mwalimu mwenzangu, hata kama hakuzungumza nami, nilirudi kusema maji palepale, ndani ya sentensi moja. Daftari halikuliona jambo hilo, kwa sababu lilikuwa linamsifu mwenye daftari. Na kwangu hilo ndilo tokeo kubwa kuliko yote: si kwamba sikuijua sauti, bali niliona haya kusikika Mdigo mbele ya mtu aliyenijua kama mwalimu wa Kiswahili sanifu. Mtafiti wa ujifunzaji lugha Bonny Norton aliposoma shajara za wanawake wahamiaji nchini Kanada aliona jambo linalokaribiana na hilo, kwamba mtu hunyamaza au husema kwa kutegemea nafasi anayopewa na wanaomsikiliza, si kwa bidii yake tu. Lakini yeye alisoma shajara za watu wengine. Nani angeandika haya yangu kwa niaba yangu?

Wapo wanaodhani kwamba otoethnografia, yaani mtafiti kuchunguza utamaduni kupitia maisha yake mwenyewe, ni mtindo wa juzi kutoka ng'ambo. Mwanaanthropolojia David Hayano aliijadili kwa jina hilo mwaka 1979. Kabla ya hapo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, alikwisha kuandika desturi za watu wake kwa Kiswahili kutokana na yale aliyolelewa nayo, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Watafiti wanaitegemea hadi leo. Ikiwa ushahidi wa mtu wa ndani ulifaa wakati ule, ulipopita mikononi mwa mhariri Mjerumani, sioni kwa nini usifae sasa unapoletwa na mwenyewe.

Mwenye hoja ya kupinga aiweke wazi.

Mchangiaji kutoka Bagamoyo:

Mleta mada, nimekusoma kwa makini, na mfano wa Mtoro naukubali nusu. Yeye aliandika desturi zinazojulikana na wengi, hivyo mzee yeyote wa hapa angeweza kumwambia kwamba amekosea. Wewe unaandika haya yako, na nyani haoni kundule. Isitoshe, mama mkwe wako yumo ndani ya tasnifu. Kwenye hojaji angetia saini au angekataa. Kwenye daftari lako ameingizwa akiwa uani kwake, akisubiri maji ya kutawadha, bila kujua kwamba mkwewe anamwandika. Utafiti wa nafsi yako umefanyika katika nyumba ya watu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja ya kwanza nimeijibu kwa zile sauti zilizorekodiwa, na hapo sitarudi nyuma. Hoja ya pili imenigusa, kwa sababu ni kweli kwamba niliandika kwanza nikaomba ruhusa baadaye. Mwezi wa Shaaban nilikwenda Mkinga, nikamsomea mama mkwe kila ukurasa aliomo, mke wangu akiwapo. Habari ya maji aliiruhusu. Kurasa mbili alizikataa, zinazohusu maneno aliyoyasema wakati wa posa juu ya binti yake kuolewa na mtu asiye na lugha ya kwao. Kwa mtafiti, kurasa hizo zilikuwa na uzito kuliko habari ya madzi, kwa kuwa zinaeleza kwa nini nilianza kujifunza Kidigo. Nimeziondoa. Katika tasnifu nitaandika waziwazi kwamba pana kurasa mbili zilizotolewa kwa ombi la mwenye nyumba, bila kudokeza kilichokuwamo. Wenye uzoefu wa kusimamia tasnifu, naomba mniambie kama pengo la namna hiyo mngelipokea.