Kome wangu wanakula kelpi au planktoni? Namba za isotopu zimenichanganya

Chumvi_Nyingi:

Wakuu, salaam. Msaada kwenye tuta tafadhali.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu utando wa chakula kwenye misitu ya kelpi, ule mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi. Sura ya kwanza niliiandika kwa raha, maana kisa chake kinajulikana: fisi-maji wa bahari anamla urchini (kile kiduara chenye miiba), urchini anakula kelpi, ukimwondoa fisi-maji msitu unakwisha. Basi.

Sura ya pili ndiyo imenikwamisha. Nilipewa kome waliokusanywa kando ya msitu, tukapima isotopu za kaboni, yaani uwiano wa kaboni nzito kwa nyepesi (namba ni za sehemu kwa elfu; ikiwa juu zaidi, kaboni nzito ni nyingi zaidi). Kome wametoka −17. Kelpi yetu ni −15. Fitoplanktoni, vile vijimea vidogo vinavyoelea majini, sikupima, nikachukua −21 kwenye makala ya watu wengine. Nikapiga hesabu ya mchanganyiko (namba ya mlaji hukaa kati ya namba za vyakula vyake), nikaandika kwamba theluthi mbili ya chakula cha kome inatokana na kelpi. Msimamizi kairudisha na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: "Umejuaje?" Nimesita kumwuliza ana maana gani.

Na jambo jingine: kome hana meno, anachuja maji tu. Anakulaje mwani wenye urefu wa mita 30? Nawasilisha.

Mpima_Kome:

Mkuu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo tamu zaidi.

Kelpi iliyo nyingi hailiwi ikiwa hai. Mwaka 2012 Krumhansl na Scheibling walizipitia tafiti za sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba kwa wastani zaidi ya asilimia 80 ya kelpi inayozalishwa huishia kuwa masalia. Chukua kelpi aina ya Laminaria. Jani lake hukua kuanzia shinani, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu kongwe, nayo inamomonyoka muda wote huku jani jipya likisukuma kutoka nyuma. Ukiishika ncha hiyo mkononi utaona matundu, pembe zilizochanika, na mara nyingi ukoko mweupe wa briozoa, wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, uliosukwa vijumba vidogo vidogo. Isugue kwa kidole: unabaki na ute wa kahawia uliojaa bakteria na vipande visivyoonekana vizuri kwa macho. Hicho ndicho kome anaweza kukichuja. Vipande vikubwa vinazama, vinaliwa na wengine au vinasukumwa na mawimbi hadi ufukweni.

Kwa hiyo wazo kwamba kelpi inamfikia kome si la ajabu hata kidogo. Mwaka 1989 Duggins, Simenstad na Estes walionyesha katika visiwa vya Aleutian, Alaska, kwamba kome na wanyama wengine wanaochuja maji walikua haraka zaidi kwenye visiwa vyenye misitu ya kelpi, na isotopu zikaonyesha kaboni ya kelpi miilini mwao. Makala nzuri sana ile. Shida ni kwamba wengi tuliokuja baadaye tumeifanya ruhusa ya kutofikiri.

Sasa "Umejuaje?" Nadhani msimamizi wako ameishika ile −21. Umeiazima, na hesabu yako yote imesimama juu yake. Kama ilipimwa mbali na pwani, haina uhusiano na maji ambayo kome wako wameyanywa. Karibu na nchi kavu, fitoplanktoni zikishamiri na kukua kwa kasi, kaboni yake inakuwa nzito zaidi na thamani yake inapanda kuelekea ile ya kelpi. Fanya hesabu upya ukiweka −18 badala ya −21 uone: kome haohao, mashine ileile, ila kelpi inashuka kutoka theluthi mbili hadi theluthi moja. Miller na Page waliliandika hili mwaka huohuo wa 2012, kwamba tafiti kadhaa ziliipa kelpi sifa ambayo huenda ni ya fitoplanktoni za pwani. Nakubaliana nao, ingawa nawajua watu wasiopenda kulisikia.

Hata hiyo −15 ya kelpi usiiamini kirahisi. Mlikata wapi? Shina na ncha za jani moja hazitoi namba moja, na majira nayo yanaibadilisha. Halafu sijaona mahali ulipoondoa ongezeko la mlaji: kaboni hupanda kidogo, kama nusu hadi moja, kila hatua ya ulaji. Nitrojeni ndiyo hupanda sana, takriban 3.4, ndiyo maana tunaitumia kujua nani yuko ngazi gani.

Jabali_Chini:

Mpima_Kome amemaliza sura ya pili, mimi narudi kwenye ya kwanza, ile "basi" yako.

Kisa cha fisi-maji ni cha kweli, ila kina mahali pake. Estes na Palmisano mwaka 1974 walilinganisha visiwa vya Aleutian vyenye fisi-maji, kama Amchitka, na vile ambavyo biashara ya manyoya ilikuwa imewamaliza. Tofauti ilionekana wazi. Lakini urchini kuwepo si sawa na urchini kula msitu. Harrold na Reed, kisiwa cha San Nicolas huko California, walieleza mwaka 1985 kwamba masalia ya kelpi yakiwa mengi urchini hutulia kwenye nyufa za miamba na kusubiri kuletewa. Masalia yakipungua ndipo wanatoka na kuanza kutafuna kelpi iliyosimama. Unaona? Yale masalia ya kome wako ndiyo yanayoamua tabia ya urchini pia. Hapo sura zako mbili zinakutana, na sijaona ukilisema popote.

Na usidhani mlaji wa juu daima ndiye mwenye nguvu. Kuna visiwa viwili Afrika Kusini, eneo la Saldanha, Malgas na Marcus, viko karibukaribu. Malgas ilijaa kamba-koche, Marcus ilijaa konokono walaji nyama. Barkai na McQuaid wakahamishia kamba-koche wapatao 1,000 Marcus. Konokono waliwavamia kwa wingi, na baada ya wiki moja hakuonekana kamba-koche hata mmoja aliye hai. Konokono ambao kule Malgas wangekuwa kitoweo! Walichapisha mwaka 1988, na bado nikiisoma nacheka.

Chumvi_Nyingi:

Aisee. Shukrani wakuu. Nimeangalia ile makala: −21 ilipimwa nje kabisa, bahari ya kina. Sasa niitupe sura nzima? Sina sampuli za maji, na msimu umeshapita.

Mpima_Kome:

Usitupe. Ondoa "theluthi mbili", weka majibu kuanzia la chini hadi la juu: fitoplanktoni ikiwa hivi, kelpi ni hivi, ikiwa vile, ni vile. Chora mstari, msomaji ajionee mwenyewe jinsi jibu linavyoyumba. Hiyo peke yake ni matokeo halali.

Kama unga wa kome mliowasaga umebaki kwenye friza, uliza kama maabara yenu inapima asidi za mafuta. Mwani wa kahawia na diatomu (aina ya fitoplanktoni) havina mchanganyiko mmoja wa mafuta hayo, ingawa nako kuna kupishana, usitegemee muujiza. Na kama kuna kome waliochukuliwa mahali pasipo na kelpi kabisa, hata mtu mwingine ndiye aliyewakusanya, wapime. Wakitoka −17 nao, swali la msimamizi limeshajibiwa, japo si kwa namna uliyoitaka.

Swali moja: mlitumia msuli au mwili mzima? Kama ni mwili mzima, je, mliosha kwa tindikali kuondoa vipande vya gamba? Kaboni ya gamba ni nzito mno, punje chache zinatosha kuvuta namba juu. Ila sampuli iliyooshwa kwa tindikali usiitumie kwa nitrojeni. Gawa unga mara mbili, nusu uoshe kwa ajili ya kaboni, nusu nyingine iache kama ilivyo.

Chumvi_Nyingi:

Mwili mzima. Tindikali hatukutumia. Kesho asubuhi naenda kuangalia friza.