Kompyuta ndogo ya kazi nzito: tuunde wenyewe au tununue laptopu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu naona watu wengi wanaumia kimya kimya. Mtu kazi yake inaichosha prosesa (ubongo wa kompyuta) kwa saa nyingi mfululizo: kukompaili programu kubwa (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), kurenda video (kuzalisha video ya mwisho), kukokotoa uimara wa majengo, kuchambua data ya utafiti. Huyohuyo analazimika kuhama na kompyuta yake, leo ofisini, kesho nyumbani, keshokutwa kwa mteja. Na mfuko wake haujanona. Anunue laptopu, au aunde kompyuta ya mezani ndani ya kasha dogo linaloingia kwenye begi? Mimi nasema aunde.

Laptopu inauzwa kwa kasi ya dakika ya kwanza. Tazameni prosesa ya laptopu ya Core i7-12700H: Intel wameipa wati 45 za msingi, lakini inaruhusiwa kupanda hadi wati 115 kwa muda. Ukiifanyia jaribio fupi, inakupa alama za kufurahisha. Ukiipa kazi ya saa tatu, vibomba vyembamba vya shaba vya kuondoa joto vinajaa, prosesa inagonga nyuzi joto 100 na kuanza kujipunguza yenyewe. Kasi uliyoilipia huioni tena mpaka kazi iishe.

Hili nimeishi nalo miaka minne, na laptopu ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuwa naweka vizibo viwili vya chupa chini yake, upande wa nyuma, ili ivute hewa. Wakati wa kurenda, safu ya juu ya vitufe ilikuwa haishikiki kwa moto, na feni ilipiga kelele hadi wenzangu wakawa wanahama meza. Asilimia 30 za mwanzo za kazi zilikwenda upesi, zilizobaki zikawa zinadondoka moja moja.

Sasa tuje upande wa pili. Ubao mama (bodi inayobeba sehemu zote) wa Mini-ITX, umbo ambalo kampuni ya VIA ililileta mwaka 2001, una sentimita 17 kwa 17. Unaenea ndani ya kasha la lita tano hivi, pamoja na SSD (diski ya kuhifadhia data) na pawa saplai ndogo. Juu ya prosesa unafunga kipozeo kifupi. Noctua NH-L9a ina kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake. Prosesa ya AMD ya daraja la wati 65 kikomo chake halisi cha umeme ni wati 88. Joto litapanda, sikatai, lakini mzigo huo unabebeka.

Kinachonishawishi zaidi ni hesabu yenyewe ya umeme. Nguvu inayoliwa na prosesa inakwenda sambamba na kasi yake, na pia na mraba wa volteji yake. Ukipunguza kasi kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 15, matumizi yanashuka hadi asilimia 58 hivi ya yalivyokuwa. Umepoteza moja ya tano ya kasi, umeondoa zaidi ya mbili ya tano ya joto. Ndiyo maana hata Ryzen 9 7950X, ambayo ikiachiwa inavuta hadi wati 230, inaweza kuwekewa kikomo cha wati 88 ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao) na ikaendelea kufanya kazi ya maana ikiwa na viini vyake vyote 16, yaani sehemu zake zinazokokotoa kwa pamoja. Kwenye kasha lako kikomo unakiweka wewe. Kwenye laptopu nyingi ameshakiweka mtengenezaji, na funguo kaondoka nazo.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji 1

Mkuu, hesabu yako ni safi, ila umeruka jambo. Laptopu ni kompyuta, skrini, kibodi na betri kwa bei moja. Kasha lako likifika kwa mteja linahitaji skrini. Utamwomba ya kwake? Na umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa tatu, mimi naendelea kuandika, wewe umerudi mwanzo. Usiite kitu cha kubebeka kama hakiwezi kuwaka kwenye kiti cha basi.

Mleta mada

Hoja ya umeme naipokea bila ubishi. Anayefanya kazi njiani, au mahali ambapo umeme hauaminiki, achukue laptopu, sina neno naye. Angalau laptopu itampa muda wa kuhifadhi kazi na kuizima taratibu, maana kwenye kazi nzito betri nayo inakwisha upesi.

Lakini neno "kubebeka" tusilifinye mno. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka. Wengi wetu hatufanyi kazi nzito ndani ya basi. Tunahama kutoka meza hadi meza, na aghalabu kila meza ina skrini. Kinachosafiri ni nguvu ya kukokotoa na data.

Mchangiaji 2

Mimi nawashangaa wote wawili. Kuna kompyuta ndogo za ofisi zilizokwisha kutumika: ThinkCentre Tiny za Lenovo, EliteDesk Mini za HP, OptiPlex Micro za Dell. Ujazo wake ni kama lita moja, unaitia begini kama kitabu. Ofisi zikibadilisha vifaa zinazitoa kwa bei ya chini. Mwenye mfuko mdogo kwa nini aanze kukusanya vipande vipya?

Mleta mada

Mkuu, hapo umenigusa pazuri, na kwa mtu wa kazi ya kati ningemwambia akufuate wewe. Tatizo ni kwamba nyingi ya hizo zina prosesa za wati 35, na feni yake pamoja na adapta vimepimwa kwa mzigo huohuo. Ukitamani prosesa kubwa zaidi, umekwama. Ubao wake nao una umbo la kampuni husika, ukiungua unamtafuta yuleyule. Mini-ITX ikifa ubao, unanunua wa kampuni nyingine yoyote wenye soketi (kikalio cha prosesa) ileile, tundu za skrubu zinaoana.

Kwa wanaoanza: kama kipato kinabana sana, anzeni na hiyo ya lita moja huku mkijifunza kazi yenu inakula nini hasa, viini au RAM (kumbukumbu ya muda).

Mchangiaji 3

Na seva za kukodi mtandaoni je? Unalipa kwa saa, unapata viini 64, kazi ikiisha unazima. Begi lako lina laptopu nyepesi tu. Naona mnabishana kuhusu aina ya mkokoteni wakati lori lipo.

Mleta mada

Lori lipo, ila mzigo lazima ulifikie. Video ghafi za mradi wangu mmoja zinafika gigabaiti 200. Kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa 22 za kupakia kabla seva haijaanza kazi. Kasha langu lingekuwa limeshamaliza. Kwa mwenye data ndogo na hesabu kubwa, ambaye anahitaji nguvu hiyo mara mbili tatu kwa mwaka, kukodi kunashinda. Kwa kazi ya kila siku, kodi inapita bei ya chombo, na chombo chenyewe bado si chako.

Halafu hivyo viini 64 visikutishe. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayokushika. Kama moja ya kumi ya kazi yako lazima ifanywe na kiini kimoja, viini 8 vinakupa kasi mara 4.7, na viini 16 vinakupa mara 6.4. Umeongeza viini maradufu, umepata nyongeza ya theluthi na kidogo. Hata ungepewa viini visivyo na idadi, huvuki mara 10. Mwenye kazi ya namna hiyo, viini 8 vyenye kasi nzuri vinamtosha, na ndivyo vinavyoingia kwenye kasha dogo bila kulichoma.

Mchangiaji 4

Mimi niliunda, nikajuta mwezi wa kwanza. Nilinunua prosesa ya Ryzen 7 5700X, nikafunga kila kitu, nikawasha: feni inazunguka, skrini giza. Siku mbili nahangaika na RAM. Kumbe prosesa hiyo haina grafiki (sehemu inayotoa picha kwenye skrini) ndani yake, inadai kadi ya grafiki, na kasha langu halina nafasi ya kadi! Muwaambie watu mambo haya kabla hamjawahimiza.

Mleta mada

Pole sana mkuu, na asante kwa kulisema wazi. Kwenye kizazi kile cha soketi ya AM4, zenye grafiki ni zile zenye herufi G mwishoni, kama 5700G. Nayo ina gharama yake: kashe yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ni megabaiti 16, nusu ya ile ya 5700X. Ryzen 7000 za mezani kwenye soketi iliyofuata, AM5, zina grafiki ndogo ndani, isipokuwa zenye herufi F, lakini AM5 inataka RAM ya aina ya DDR5 tu, na hapo bei inabadilika.

La RAM pia lisipite. Ubao wa Mini-ITX kwa kawaida una nafasi mbili tu. Ukiweka vipande viwili vidogo leo, kesho ukitaka kuongeza unavitoa vyote. Kwa kukompaili programu kubwa za C++, kila uzi wa prosesa (mkondo mmoja wa kazi) unaweza kumeza gigabaiti moja au mbili. Zidisha kwa nyuzi 16 uone.

Na kwa kuwa tunahama nalo: epukeni kipozeo kirefu kizito kinachoning'inia kwenye ubao. Mtikisiko wa safari unakivuta. Mimi nilifungua kasha baada ya safari ya kwanza nikakuta waya wa SSD umelegea na kuegemea feni, plastiki yake imeanza kulika. Sasa kila waya nimeufunga kwa kamba nyembamba.

Mchangiaji 1

Nimekuelewa kwa joto, sijakuelewa kwa begi. Lipime. Kasha, waya, kibodi, kipanya, vyote. Tuletee kilo.

Mleta mada

Nimepima sasa hivi. Kasha na waya wake kilo 3.4, kibodi na kipanya gramu 700. Laptopu yangu ya zamani na chaja yake ni kilo 3.1. Nikilazimika kuongeza na skrini, hapo kwa begi umenishinda.