Kupima daraja la tao la zege kabla ya masika

Bara_Malindi: Salaam wakuu. Huku bara ya Malindi kuna daraja la zamani la zege, tao moja, lataka kupimwa na kuchorwa kabla halijabomolewa. Toka mguu wa tao hadi mguu wa pili ni mita 12, kimo cha katikati mita 3. Chini ni maji, ngazi haisimami. Umbo la tao nalipataje bila kukisia?

Fundi_Timazi: Pimia juu, ndugu yangu. Kama mto wamwaga Sabaki, mamba wapo.

Funga kamba kando ya ukingo wa daraja toka mwanzo hadi mwisho, uisawazishe kwa mpira wa maji (bomba laini lenye maji, yanayolingana usawa ncha zote mbili). Usifuate barabara, maana huinuka katikati na vipimo vyote vitapotoka. Tafuta fito nyoofu ya mita 5, pigilia kibao cha sentimita 30 kwenye ncha, kikae mraba kama ndoano. Iteremshe, kibao kiguse tumbo la tao kwa chini, usome pale fito inapokutana na kamba. Rudia kila nusu mita: vipimo 25 kwa uso mmoja.

Wengi hupima kimo cha katikati tu, wakachora kipande cha duara. Kwa vipimo vyako duara lina nusukipenyo cha mita 7.5, na mita 3 kutoka katikati kimo ni 2.37. Likiwa parabola (mkunjo kama njia ya jiwe lililorushwa), hapo hapo ni 2.25. Sentimita 12 si kosa la tepu! Vipimo vya kushoto na kulia vikitofautiana, kagua nyufa: huenda mguu mmoja umetitia, au fomu (kalibu ya mbao) ililegea zege likimwagwa.

Bara_Malindi: Shukrani. Zege nilisugue kwanza ndipo nipige picha?

Zege_na_Chokaa: Hapana, tafadhali! Alama za mbao za fomu ziko usoni mwa zege. Pima upana wa kila ubao, ndizo zinazoonyesha fundi alivyoijenga fomu. Michirizi myeupe ni chokaa iliyoletwa na maji yanayopenya, ichore mahali pake. Nondo ikichungulia, andika kipenyo na kama ni laini, ya mraba au yenye matuta. Ufa unaofuata nondo kwa kawaida ni kutu: huvimba na kulipasua zege.

Kila picha irudie asilimia 70 ya iliyotangulia, asubuhi jua likiwa pembeni, rula ionekane. Fanya Januari au Februari, mto ukiwa chini na miguu ya tao i wazi.