Vyupoti kupandana kwenye ramani ya nyumba: irudishwe au ipite?

Mleta mada

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Hili naomba tulijadili, maana limeniuma na najua siko peke yangu.

Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Wateja wangu wengi wako Chikongola, Likombe na Naliendele. Wiki mbili zilizopita ramani ya mteja mmoja ilirudishwa na ofisi moja ya huku kusini. Sababu niliambiwa kwa mdomo tu: "Vyupoti zako zimepandana." Ofisa akaongeza kwamba yeye angetaka iwe kanuni kwa wachoraji wote, kila mchoro na karatasi yake, karatasi moja skeli moja.

Kwa wasiochora: programu ina pande mbili. Upande wa modeli unachora nyumba kwa vipimo vyake halisi, mita 14 ni mita 14. Upande wa karatasi unafungua vyupoti, yaani madirisha ya kuitazamia ile nyumba, na kila dirisha unalipa skeli yake. Hili 1:50 (sentimita moja ya karatasi ni 50 za nyumba), lile 1:20, yote kwenye A3 moja.

Nyumba yenyewe ina umbo la L, mita 14 kwa 11. Kwa 1:50 inakula sentimita 28 kwa 22. A3 ni 42 kwa 29.7. Toa pembezoni, toa nafasi ya vipimo, toa safu ya jina la mwenye nyumba na mihuri, huna pa kugeukia. Lakini pengo la ile L ni mita 5 kwa 5, yaani sentimita 10 kwa 10 za karatasi tupu. Humo ndimo nilipoweka mkato wa msingi, yaani mchoro wa msingi kama umepasuliwa uonekane ndani, 1:20. Sasa dirisha la ramani ni mstatili, kwa hiyo kwenye kompyuta fremu ya mkato imeingia ndani ya fremu ya ramani. Kwenye karatasi hakuna mstari hata mmoja uliomgusa mwenzake.

Msimamo wangu: fremu kupandana si kosa, kosa ni mistari kupandana. Ukimrudisha mtu kwa sababu ya fremu unamuumiza mwenye nyumba. Huku pesa ya ujenzi inakuja na korosho, kuanzia Oktoba, na mvua inakuja nyuma yake. Ukichelewa wiki tatu unachimba msingi kwenye tope.

Mnasemaje?

Mchoraji wa Mikindani

Mkuu, nakuunga mkono nusu. Amri ya VPCLIP ipo. Ungelikata lile dirisha kubwa lifuate umbo la L, hata fremu zisingepandana na ofisa angekosa la kusema. Kazi ya dakika mbili.

Ila chungeni leya, yaani tabaka la mchoro, ya mstari mliokatia. Ukiizima, dirisha linabaki limekatwa. Ukiigandisha, linarudi mstatili mzima. Mimi niliwahi kugandisha bila kujua, nikachapisha bila kutazama, mchoro wa karo niliokuwa nimeuweka pembeni kwenye modeli ukatokea juu ya baraza ya mteja. Alinipigia simu kuuliza kama wageni watakaribishwa chooni.

Na mnaohangaika kuingia dirisha dogo lililo juu ya kubwa: ingia lolote, kisha Ctrl na R, itakupitisha moja baada ya jingine. Ukimaliza kupanga yafunge, la sivyo ukigusa gurudumu la mausi skeli imekwenda.

Fundi Msingi, Lindi

Mnazungumza ya kompyuta. Mimi saiti sina kompyuta, nina karatasi iliyokunjwa mara nne na imeshaloa jasho.

Nitawapa kisa. Mwaka jana nilipewa ramani ya aina hiyohiyo, mkato wa msingi umewekwa kwenye pengo la nyumba. Fremu haikuchapishwa, nasikia mnaziweka kwenye leya isiyotoka. Kwa hiyo ule mkato ulikuwa unaelea pale kando ya ukuta kama sehemu ya nyumba. Nakala yangu ilikuwa kopi ya kopi, tarakimu zimefifia. Kijana wangu akachukua rula, akapima upana wa msingi kwenye mkato, sentimita 3. Akaangalia chini ya karatasi imeandikwa 1:50. Akazidisha. Nimeenda kununua maji nikarudi nikakuta mtaro wa mita moja na nusu upana, hatua nne urefu, na yeye anasema "bosi, hapa pagumu." Msingi ulikuwa wa sentimita 60.

Sasa kosa la nani? La kijana, sawa, ramani haipimwi kwa rula. Lakini mchoraji amekaa kwenye feni, sisi tumefukia.

Niliyewahi kukagua

Nimekaa upande wa pili wa meza, niseme kidogo. Mkaguzi anapokea karatasi au PDF, haioni modeli yako. Ukimwambia kanuni ni "mistari isigusane," unamtaka akague kila kona ya kila karatasi. Ukimwambia "karatasi moja skeli moja," anaangalia mara moja na kuamua. Kanuni nyepesi ina dhuluma zake ndogondogo, nakubali. Nzito nayo inategemea mkaguzi ameamkaje siku hiyo.

Mzee wa Trasi

Wanangu, sisi tulichora kwa wino kwenye karatasi ya trasi. Pengo la ramani tulilitumia vilevile, tena sana, maana trasi ilikuwa ghali. Lakini ukitaka kuweka mkato pale, kwanza unachora boksi kwa mkono, unaandika skeli ndani, ndipo unaanza. Ukikosea unakwangua kwa wembe mpaka karatasi inatoboka. AutoCAD ilileta huo upande wa karatasi mwaka 1990, toleo la 11, na wengi tulishangilia. Tulichopoteza ni lile boksi. Dirisha linafunguka lenyewe, mtu anaona boksi ni takataka, analificha.

Mwenye Nyumba, Naliendele

Mimi naomba tu nikilipia ramani nisilipie kurasa kumi na mbili. Na mkaniambie mapema kama stesheneri ikinipigia kopi ndogo inakuwa shida, maana mimi hubeba A4, A3 haiingii kwenye pochi.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Fundi, pole kwa mtaro.

Mama, A3 ikipigwa kopi A4 kila mstari unabaki kama asilimia 71, kwa hiyo 1:50 niliyoandika inakuwa uongo kabisa. Naweza kuweka kimstari cha skeli chenye mita zake chini ya kila dirisha, kikipungua na mchoro umepungua. Nilikuwa naona ni pambo.

Kuhusu fremu nimerudi nyuma. Nimefungua ile ramani sasa hivi, nimelikata dirisha kubwa kwa umbo la L, na fremu ya mkato nimeihamishia kwenye leya inayochapishwa, mstari mnene. Skeli ya mkato imo ndani ya boksi. Kesho naipeleka hivyo, karatasi ileile moja.

Ila karatasi moja skeli moja bado nakataa. Mkato wa msingi ukikaa ukurasa wa saba, fundi anaambiwa yuko ukurasa wa saba, na ukurasa wa saba umebaki nyumbani kwa mwenye nyumba.

Fundi Msingi, Lindi

Hapo umesema kweli, huwa unabaki nyumbani. Chora boksi. Na hiyo "1:20" iandike kubwa, kopi ya tatu isiifute.