Naomba ushauri: hofu inayeyuka mapema kwenye mchezo wetu wa kuigiza

Habari zenu wapendwa. Naandaa mchezo wa kuigiza, ule ambao kila mchezaji anavaa na kuishi kama mhusika wake kwa saa kadhaa. Tuko 14, ndani ya nyumba moja, usiku, na kisa chenyewe ni cha kutisha.

Nusu saa ya kwanza watu wanazama vizuri. Kisha mmoja anacheka, au anauliza kanuni kwa sauti, na hali yote inavunjika. Nimeshazima taa kubwa na kuweka taa ndogo za betri zenye mwanga hafifu (mishumaa nimeikwepa kwa sababu ya mavazi marefu). Nimeficha spika yenye sauti ya upepo, lakini masikio yanaizoea haraka, haitishi tena. Simu tunaziacha mlangoni, na hilo limesaidia kuliko yote.

Naomba mnisaidie: sauti niiache mfululizo, au nyumba iwe kimya kabisa kisha niitumie mara chache tu? Na mchezaji akitoka kwenye uhusika, mnamrudishaje bila kumkemea mbele ya wenzake?

Tunacheza Jumamosi ijayo, natamani sana ufane. Asanteni.