Gari la Ford lilikuwa la bei ya chini kuliko yote. Mbona General Motors ilimpita?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Jana baada ya Isha tulikaa Mkunguni tukabishana juu ya jambo ambalo, kwa watu wa mji wa punda na vichochoro, pengine halikuwa letu kulibishania. Mmoja wetu alishikilia kwamba katika biashara mwenye bei ya chini hashindwi. Nikampinga kwa habari za Henry Ford, aliyeanza kuuza Model T mwaka 1908 kwa dola 850, akaishusha bei hadi ikawa chini ya dola 300, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya magari yaliyoundwa Marekani yakawa yake. Hata hivyo, mwaka 1927 aliacha kuliunda gari hilo, na Chevrolet ya General Motors ikampita kwa mauzo. Nilipoulizwa sababu, nilikwama. Naomba mniongoze, kwani leo usiku nitaulizwa tena.

Mwalimu mstaafu, Malindi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. General Motors ilianzishwa mwaka huohuo wa 1908 na William Durant, tajiri wa magari ya kukokotwa na farasi, ambaye badala ya kuunda gari moja alinunua kampuni za wenzake: Buick, Oldsmobile, Cadillac na Oakland. Madeni yalimtoa mwaka 1910. Akashirikiana na Louis Chevrolet kuanzisha kampuni nyingine, akairudia General Motors mwaka 1916, kisha akaipoteza tena mwaka 1920. Mtu huyo alikuwa hodari wa kukusanya kuliko kupanga.

Aliyepanga ni Alfred Sloan, rais wa kampuni kuanzia mwaka 1923. Alizipanga chapa zake kwa ngazi za bei, Chevrolet chini na Cadillac juu, ili mteja aliyeongeza kipato apande ngazi bila kuihama kampuni. Hakujaribu kuuza chini ya Ford, bali aliiweka Chevrolet juu kidogo, kisha akampa mnunuzi kitu cha kuonekana kwa tofauti ile. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1919 General Motors ilikuwa na kampuni yake ya kukopesha wanunuzi. Ford, aliyechukia deni, mwaka 1923 alianzisha mpango ambao mteja aliweka akiba kila wiki na kupewa gari baada ya kutimiza bei yote. Mwambie kijana wa hapa Malindi anayetaka pikipiki ya bodaboda kwamba atalipa mpaka amalize ndipo apewe ufunguo, uone ataelekea duka gani.

Fundi wa magari, Maweni

Maalim amesema kweli, lakini tulitazame na gari lenyewe. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuwa na starta ya umeme ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering, wakati wenye Model T walikuwa wakizungusha hendeli kwa mkono, na hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono. Ford aliikubali starta mwaka 1919 tu. Katika Model T petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake, kwa hiyo tangi likipungua, dereva alipanda mlima mkali kwa gia ya nyuma ili tangi libaki juu ya injini. Na rangi ilikuwa nyeusi peke yake kuanzia mwaka 1914 hadi 1925.

Mjukuu wa waunda majahazi, Matondoni

Kwa heshima ya wazee wangu wawili, sikubali kwamba kilichomponza Ford ni ukaidi mtupu. Kwetu fundi mwenye tezo, msumeno na keekee huunda dau leo na jahazi mwakani kwa zana zilezile. Ford alifanya kinyume chake. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, aliifanya fremu ipite mbele ya mafundi badala ya mafundi kuizunguka, na kazi ya zaidi ya saa 12 ikaja kumalizika kwa takriban saa moja na nusu. Lakini mashine zake nyingi zilitengenezwa kwa kipande kimoja cha gari moja, na hazikufaa kwa lingine. Unafuu wa bei yake na ugumu wa kubadilika vilitoka katika chanzo kimoja. Ndiyo maana kuibadilisha Model T kulimfungia uzalishaji kwa takriban miezi sita, mpaka gari lake jipya, Model A, lilipotoka Desemba 1927. William Knudsen, aliyewahi kuwa mtu wa Ford, aliihamia General Motors na kuiongoza Chevrolet, naye akaweka mashine zinazoweza kurekebishwa kwa umbo jipya kila mwaka.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni. Nimeelewa, ila limebaki moja: maskini asiyejali rangi wala starta, yeye si angebaki kwa Ford?

Fundi wa magari, Maweni

Alibaki, lakini si dukani kwake. Kufikia wakati huo Model T zilizotumika zilijaa nchi nzima, na gari hilo halikuwa likifa upesi. Aliyetaka la bei ya chini alinunua kuukuu kwa jirani, na Ford hakupata hata senti.