Nimepungua kilo 54, mtaa mzima umeshanizika. Naombeni ushauri

Bonge Mstaafu (mleta mada)
Wakuu habari za humu, poleni na foleni na joto. Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Tabata, umri unakaribia hamsini. Mwaka jana katikati nilikuwa na kilo 158, leo asubuhi mizani imesoma 104. Jina la Bonge ninalo tangu shule ya msingi na makonda wa daladala walikuwa hawaoni aibu kunidai nauli ya siti mbili. Sasa nimepungua, badala ya kupongezwa mtaa umeshanizika. Mangi dukani akiniona anashusha sauti, jirani kaleta kuku wa kienyeji bila kusema ni wa nini, juzi msibani mzee mmoja kanishika bega akaniambia siku hizi watu wanaishi nayo miaka mingi tu kijana wangu. Yaani wanasema nimekanyaga miwaya, nina ukimwi. Nawajibuje hawa watu? Na kama kuna mtu anajua dawa ya hamu ya kula, na dawa ya baridi pia, maana Dar hii ya mwezi wa pili mimi nalala na sweta, mke anataka feni mimi nataka blanketi. Matusi hapana tafadhali.

Shombo la Feri
Nimeweka kambi hapa, siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee wa Kipunguni
Kijana pima. Usiwasikilize watu lakini pima. Mimi mwaka 2009 nilipungua hivyo hivyo nikaambiwa nimerogwa na mke wa kaka yangu, tukazunguka kwa waganga mpaka Bagamoyo, kumbe TB. Miezi 6 ya vidonge nikapona, ila yule shemeji tulishamtukana na mpaka leo tukikutana kwenye harusi hanisalimii. Wanadamu wagumu sana. Ndoa yake nayo baadaye ilivunjika lakini hiyo ni habari nyingine.

Mama Junior Segerea
Kilo 54 halafu unatuuliza umjibuje Mangi? Sisi wenzio tunakunywa ndimu na tangawizi tangu enzi za Kikwete na mkanda haujasogea hata tundu moja. Toa siri acha uchoyo.

Bonge Mstaafu
Mzee nimepima, sina. Nimepima sehemu mbili tofauti. Dada hakuna siri, ni kubadilisha ulaji na mazoezi tu.

Kidume wa Mbagala
Nunua suruali mpya mkuu. Mtu akipungua halafu anavaa zile zile za zamani kaikunja kiunoni lazima aonekane mgonjwa. Nenda Kariakoo tafuta modo, weka na miwani, kelele zitaisha.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, mazoezi hayaleti hali unayoielezea. Nikuulize, usinijibu kwa hasira. Ukila ugali unakwama hapa kifuani mpaka utapike? Ukinywa soda au chai yenye sukari nyingi, ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, unatafuta pa kulala? Nywele zilinyonyoka mwezi wa tatu wa nne hivi? Kama ni ndiyo, sema tu ulipasuliwa nini.

Bonge Mstaafu
Dah. Sista umejuaje.

Haya. Mwaka jana nilienda India nikafanyiwa baipasi ya tumbo. Wanakata mfuko wa chakula wanakuachia kidogo sana, saizi ya yai, halafu utumbo wanaunganisha kwa chini. Sikutaka kusema kwa sababu watu wakisikia operesheni ya kupungua wanakuona mvivu uliyenunua njia ya mkato. Hawajui mtu unakaa mwezi unakunywa supu iliyochujwa na uji mwepesi, unaona wali wa nazi unapita mbele yako unataka kulia. Na ngozi je, tumbo lote limebaki linaning'inia, nikikimbilia mwendokasi linafika kituoni kabla yangu. Kwa hiyo msinihukumu. Nimeuliza nawajibuje watu, basi.

Kidume wa Mbagala
Kwahiyo nilivyosema suruali sikukosea.

Shombo la Feri
Hahahaa linafika kituoni kabla yako. Mbavu zangu mimi.

Yanga Damu Kijani
Maradona alifanya hii kitu mwaka 2005 kule Colombia, akarudi mwembamba akawa anaendesha kipindi chake cha TV anapiga danadana. Siyo aibu mkuu.

Msimbazi Mkavu
Na alirudi akanenepa tena. Messi hajawahi kupasuliwa tumbo na dunia anaitawala.

Yanga Damu Kijani
Umeanza. Messi bila Xavi na Iniesta ni nani?

Mama Junior Segerea
Nyie na mpira wenu tokeni hapa. Kaka kwani ulishindwa kwenda hospitali ya Mloganzila? Nasikia wanaweka puto tumboni, unarudi nyumbani.

Nesi wa Zamu
Puto siyo operesheni dada yangu, linaingizwa kwa mdomo, linakaa kama miezi 6 hivi linatolewa, na linafaa watu fulani siyo wote. Yeye kafanyiwa kubwa zaidi na haina kurudi nyuma kirahisi. Turudi kwake. Baridi ni kawaida, koti la mafuta ulilozoea limevuliwa. Nywele mara nyingi zinarudi kama protini unapata: mayai, samaki, dagaa wa kusaga, maziwa mgando, maharage yaliyoiva yakapondwa. Protini inaanza, wanga mwisho. Usinywe maji na chakula, subiri nusu saa. Tafuna mpaka ikuchoshe. Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ukiumwa mgongo, pale kwenye maungio panatoka kidonda. Sasa niambie, vitamini zako unameza? Zile za maisha?

Bonge Mstaafu
Asante sana sista kwa somo. Hamu ya kula je, hakuna dawa?

Nesi wa Zamu
Hujajibu.

Mzee wa Kipunguni
Hujajibu kijana. Na mkeo anasemaje? Mke ndiye angewanyamazisha hao wa mtaani.

Bonge Mstaafu
Mnapenda kuchimba. Ok. Mke hajui.

Alijua naenda semina ya kikazi. Nilivyorudi na plasta nikamwambia ngiri ilinibana ikabidi wanipasue huko huko. Akaamini, alinihudumia vizuri mno, Mungu ambariki. Kwanini sikumwambia? Kwa sababu angekataa. Kwao kuna mama mdogo alifia kwenye operesheni ya uzazi, mke wangu akiona tu mkasi anaanza kusali. Nilikuwa nashindwa kufunga kamba za viatu wakuu, usiku napumua kwa shida mpaka ananisukuma niamke, presha iko juu, nife kwa kuheshimu woga wa mtu?

Sasa hayo makopo ya vitamini. Ni makopo meupe ya plastiki, ukiyatikisa yanalia. Nyie wote mnajua mtu akiona kopo la hivyo Dar hii anawaza nini. Nikayaficha kwenye buti chini ya tairi ya akiba. Jua la hapa limeyayeyusha yale ya kutafuna yamekuwa bonge moja linanata, ya kumeza yamegandana na kifuniko. Nikaacha, tangu mwezi wa kumi na moja. Ila nakula matunda.

Na wiki iliyopita natafuta chenji kwenye pochi ya mke nikakuta karatasi. Kaenda kupima peke yake. Majibu yake salama. Kaikunja mara nyingi sana mpaka imekuwa ndogo saizi ya kiberiti. Hajaniambia kitu na mimi sijamwambia nimeiona.

Mama Junior Segerea
Jamani. Huyo mwanamke kabeba hiyo hofu peke yake.

Shombo la Feri
Karanga zimenikwama.

Bonge Mstaafu
Ndiyo maana nimekuja na mpango tayari, nataka tu mniboreshee. Nitamwambia nina kisukari. Kisukari kinakondesha, kila ukoo una mgonjwa wa kisukari, hakuna aibu, hata kukataa soda na pilau kwenye shughuli kunaeleweka. Nimeshanunua ile mashine ya kujichoma kidole, iko kabatini sehemu ataiona mwenyewe. Vitamini nitasema ndiyo dawa zake.

Kidume wa Mbagala
Sasa mkuu utajichoma kidole kila asubuhi maisha yako yote kwa ajili ya kulinda ngiri?

Mzee wa Kipunguni
Uongo wa kwanza ulikuwa ngiri, wa pili kisukari, wa tatu itabidi uzae na mapacha. Mwambie mkeo. Sisi zamani tulikuwa hatufichani mambo ya mwili.

Mama Junior Segerea
Mzee umetoka kusema mlizunguka kwa waganga wewe na ukoo mzima mkamsingizia shemeji, leo hamfichani?

Mzee wa Kipunguni
Hilo ni suala la familia.

Nesi wa Zamu
Bonge nisikilize mimi. Kutapika ni mara ngapi kwa wiki? Miguu ina ganzi? Ukitembea unayumba?

Bonge Mstaafu
Kutapika karibu kila siku, maana mezani lazima nile ugali na familia wasihisi, halafu naenda chooni nafungua maji ya bomba. Ganzi ipo nyayo zote mbili, imepanda hadi juu ya kifundo, nikajua ni viatu vipya. Kuyumba kidogo, ila bia moja tu siku hizi inanilewesha nikadhani ndiyo hiyo.

Kidume wa Mbagala
Nenda dispensari yoyote hapo karibu wakutundikie dripu ya glukozi upate nguvu, simpo.

Nesi wa Zamu
HAPANA. Kidume futa hiyo. Mtu aliyepasuliwa hivi, anatapika, hamezi vitamini, ana ganzi na anayumba, hofu ya kwanza ni upungufu wa vitamini B1, na ukimpa glukozi kabla ya B1 unaweza kumharibu ubongo. Bonge, nenda hospitali kubwa LEO, siyo Jumatatu. Waambie kwa mdomo wako: nimefanyiwa baipasi ya tumbo, natapika, miguu ina ganzi, nahitaji thayamini, yaani hiyo B1, ya sindano kabla ya dripu ya sukari. Usiwaambie ngiri. Na B12, chuma na kalisi wapime. Hiyo mashine yako ya uongo nenda nayo, baipasi inaweza kushusha sukari saa moja hadi tatu baada ya kula, unaweza kukuta ina kazi ya kweli.

Mchambuzi wa Sinza
Samahanini, mimi nina swali. Hii ID mwezi wa nane ilileta uzi wa kufumaniwa gesti Manzese, mke karudi kwao Singida na watoto. Leo mke yuko Tabata anagombania feni? Na kwenye uzi wa bei za mafuta alisema hana gari, anapanda daladala. Hilo buti limetoka wapi? Wakuu hii ni chai, stori ya kutunga.

Shombo la Feri
Chai! Tena ya maziwa. Nilete vitumbua?

Msimbazi Mkavu
Nilishangaa, eti makopo chini ya tairi ya akiba. Mtunzi ana kipaji.

Bonge Mstaafu
ID tunatumia wawili na bwana mdogo, uzi wa Manzese ni wake na hilo waulizeni yeye. Gari ni la ofisi. Mnataka nipige picha ya tumbo niweke hapa? Nina alama tano ndogo ndogo, mtu wa ngiri hakatwi mpaka huku juu, mke wangu juzi kazigusa moja moja akanyamaza.

Mchambuzi wa Sinza
Bwana mdogo tena. Kila chai ina bwana mdogo.

Yanga Damu Kijani
Hela ya India ulitoa wapi na gari ni la ofisi?

Bonge Mstaafu
Hela ni yangu, tusiende huko.

Nesi wa Zamu
Mchambuzi, iwe chai iwe maziwa, watu wanapasuliwa tumbo na wanarudi hapa mjini kimya kimya, wanasoma hizi nyuzi. Nilichoandika kuhusu B1 hakibadiliki. Bonge umeshatoka nyumbani?

Mama Junior Segerea
Bonge?

Shombo la Feri
Kaenda kuchemsha nyingine.

Bonge Mstaafu
MREJESHO. Nilienda usiku ule ule, mke akang'ang'ania kunisindikiza kwa sababu kwenye ngazi nilishika ukuta. Daktari kauliza nimewahi kupasuliwa? Kabla sijafungua mdomo mke akajibu ngiri. Daktari kanifunua shati, kaangalia, kaniangalia mimi. Nikasema maneno ya sista yote kama yalivyo, nimesoma kwenye simu kabisa. Nimechomwa thayamini, ndiyo wakaja na dripu. Leo siku ya tatu niko wodini, kuyumba kumepungua, ganzi bado, wanasema inaweza kuchukua muda mrefu. Uji naletewa na mke. Haongei sana. Jana kaja na boksi la plastiki la kupangia dawa lenye vyumba vya siku saba, kalinunua Kariakoo, kalijaza mwenyewe.

Ila ameuliza hela. Nimemwambia ni mkopo wa kazini. Habari ya kiwanja tutaongea nikitoka hospitali.

Mzee wa Kipunguni
Mungu akuponye kijana. Mwisho mwema.

Mama Junior Segerea
Mzee soma sentensi ya mwisho.

Mchambuzi wa Sinza
Kiwanja gani tena???